Mbwa wa Arbia Aliyefundishwa Kunyamaza

BULA GARAS, Garissa, Novemba 1967

Filimbi ya askari wa lango inalia, na Arbia Hirsi tayari ameshika fimbo yake. Anauvuta kando mti wa miiba unaoziba mlango wa zizi, anasogea pembeni, na mbuzi wanaanza kumiminika nje wakisukumana. Vumbi linapanda. Umande bado uko kwenye majani ya mti wa garas uliokipa kijiji hiki jina lake.

Mlangoni pa zizi amelala mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mbuzi wanamruka. Mmoja anamkanyaga mkia. Hasogei.

Wakati huohuo doria ya usiku inarudi kambini. Askari wanapita hatua chache kutoka zizini, bunduki begani, viatu vizito vikigonga ardhi. Mbwa anainua kichwa, anawatazama, ananusa upepo, kisha anakilaza tena kichwa juu ya miguu yake. Habweki.

"Kama angebweka, leo hungemkuta," anasema Arbia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Na mimi, sijui ungenikuta wapi."

Arbia, mjane wa makamo mwenye sauti nzito na macho yasiyokosa kitu, ni mchungaji wa kulipwa. Mbuzi wake mwenyewe ni wachache. Waliobaki, na ndio wengi, ni wa jamaa zaidi ya thelathini wanaoishi ndani ya uzio wa Bula Garas, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka mjini Garissa. Hapokei mshahara. Kila nyumba humwachia mbuzi wake akamue siku moja, kisha zamu inakwenda nyumba nyingine. Maziwa hayo anakunywa na binti zake wawili, na siku anaporuhusiwa kupita langoni huyapeleka mjini kuwauzia wake za polisi na wenye maduka. Huko ndiko alikokipata Kiswahili chake.

Kabla ya vita hakuna mtu hapa aliyehitaji mchungaji wa kulipwa. Kila jamaa ilikuwa na watu wake, na mvua ndiyo iliyosema waelekee wapi. Mume wa Arbia, marehemu Diriye, aliwahi kufikisha mbuzi hadi karibu na Hulugho, kuelekea mpaka wa Somalia, akifuata majani, akarudi nao wakiwa wamenona. Homa ilimchukua kabla ya mashifta, wapiganaji wa porini, kuanza kupigana na serikali.

Kisha ikaja amri ya kuwakusanya watu vijijini, ili wenye bunduki porini wasipate chakula wala maficho. Wengi wa vijana wa kiume hawapo. Wengine wamezuiliwa, wengine wamekwenda wasikojua hata mama zao. Mifugo inatoka kwa filimbi ya asubuhi na kurudi kabla jua halijashuka. Giza likiingia, hakuna anayeruhusiwa kutoka kwenye kibanda chake. Mikuki ilikusanywa, na mtu hawezi kukoka moto nje usiku.

Fisi hawakusomewa amri hiyo.

"Walijua kabla yetu," anasema Arbia. "Fisi anajua mahali watu wamefungwa mikono. Alikuja, akapasua miiba, akachukua. Sisi ndani tunasikia mbuzi ikilia, tunasikia kabisa, na hakuna mtu anaweza kutoka."

Asubuhi walikuwa wakikuta damu na matumbo. Kufikia mvua za gu, ambazo kwa Kiswahili ni masika, zizi lilikuwa limepoteza karibu theluthi ya mbuzi walioingia kijijini, wengine kwa njaa, wengi kwa fisi. Wenye mifugo wakaanza kunung'unika. Mzee mmoja alimwambia waziwazi kwamba mbuzi wakiendelea kupungua, kazi hiyo itapewa mtu mwingine. Bila maziwa, Arbia na binti zake wangebaki na unga wa mahindi wa msaada, ambao siku nyingine hufika na siku nyingine haufiki.

Upande wa pili wa kijiji wanaishi Waorma waliohamishwa kutoka malisho ya jirani. Mmoja wao ni Madina Boru, mwanamke mzee anayeitwa na wote Akko, yaani bibi. Waorma, tofauti na majirani zao Wasomali wa hapa, wamezoea kulinda mifugo kwa mbwa, na Akko Madina alikuwa amekuja na mbwa wake jike. Zizi lake halikuwahi kuguswa.

Lakini mbwa huyo, pamoja na wengine wachache waliokuwa kijijini, walikuwa wakiibwekea doria. Askari waliona kwamba kila mbwa akibweka, mtu aliye porini anajua doria imefika wapi. Asubuhi moja mbwa wote wakapigwa risasi.

Akko Madina hasimulii mengi juu ya siku hiyo. Anasema tu kwamba mbwa wake alikuwa amezaa karibuni, na watoto walikuwa kwenye shimo chini ya dungu la kuwekea ngozi. Hawakuonekana. Walikaa humo wakilia mpaka mmoja mmoja akanyamaza.

Arbia alipita hapo jioni yake akitafuta mbuzi aliyechepuka. Akasikia sauti nyembamba, kama ya ndege, ikitoka ardhini. Akaingiza mkono shimoni, akatoa kitu kinachotosha kiganjani, kina joto kidogo sana, macho yamefunguka nusu.

"Sikuwahi kushika mbwa maisha yangu yote," anasema. "Lakini nilifikiria fisi. Nikasema, huyu ndiye bunduki yangu."

Akko Madina alimwambia amrudishe shimoni. Mtoto wa umri huo, alisema, alihitaji kunyonya karibu mwezi mwingine mzima, na kukaa na mama na ndugu zake zaidi ya hapo. Ukimtoa kabla ya wakati, anakufa kwa baridi, au kwa kuhara, au anakua bila adabu, akawa mbwa wa kuuma kila kitu. Mwenyewe hakuwa na nguvu ya kumlea. Hata mbuzi wake wa maziwa walikuwa wamekauka.

Arbia hakumrudisha. Alichuchumaa palepale akamwomba amfundishe.

Somo la kwanza alilipata kwa kukosea. Usiku ule alimlaza mtoto wa mbwa chali kwenye mapaja yake, kama anavyolazwa mtoto wa mtu, akamdondoshea maziwa ya mbuzi mdomoni. Maziwa yakatokea puani. Mtoto akapaliwa, akalegea. Arbia akamgeuza kichwa chini, akamsugua mgongo, mpaka akapiga chafya.

Kulipokucha Akko Madina alimwonyesha namna. Mtoto wa mbwa hulala kwa tumbo anaponyonya, kichwa kimeinuka kidogo. Basi Arbia akasokota kitambaa safi cha pamba, akakichovya kwenye maziwa yenye uvuguvugu yaliyotiwa tone la samli, maana maziwa ya mbuzi ni mepesi kuliko ya mbwa, akamwachia akivute mwenyewe. Kidogo kidogo, mara nyingi, mchana na usiku. Alipozidisha kwa huruma, mtoto alihara, akanywea kama ngozi tupu. Ikabidi ampe maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari kidogo, siku nzima, kabla ya kurudia maziwa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulitarajia. Mtoto wa umri huo hawezi kukojoa peke yake. Mama yake humlamba tumbo ndipo mkojo utoke. Arbia alifanya kazi hiyo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

Anaposimulia hilo anacheka kwa mara ya kwanza, akijifunika mdomo kwa ncha ya shuka. Anasema kama marehemu Diriye angemwona, angeuliza huyu ni nani.

Akampa jina Agoon, neno la Kisomali la yatima. Mchana alikwenda naye machungani ndani ya mfuko wa ngozi, umefungwa tumboni mwake apate joto. Usiku alimweka ndani ya chungu kilichotandikwa manyoya ya mbuzi, kando ya mafiga yaliyozimwa.

Tatizo lilikuwa kwamba mafiga hayo yalikuwa ya Muslimo.

Muslimo ni dada wa marehemu Diriye, na kibanda alichokuwa akilala Arbia na binti zake kilikuwa chake. Ni mwanamke wa swala tano, na hakuficha chuki yake. Mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na maji ya Bula Garas hutoka Mto Tana kwa madebe yaliyobebwa na punda. Ni nani, aliuliza, angeoga, angepika na kunywa, ikiwa maji yote yangeisha kwa kuoshea uchafu wa mbwa?

"Nilimwambia, abaayo, chagua," anakumbuka Muslimo, akitumia neno la Kisomali la kumwita dada. "Hapa ndani ataingia mbwa au nitaswali mimi. Wote wawili hatutoshi."

Arbia alikwenda kwa Maalim Mahat, anayewafundisha watoto wa kijiji Kurani. Maalim hakusita. Alimwambia kwamba sheria imeruhusu mbwa wa kulinda mifugo, ila si wa kufugwa kwa mapenzi tu. Akamshauri awe na nguo moja ya kushughulikia mbwa na nyingine ya kuswalia, awe na bakuli la mbwa lisilotumika kwa kingine, na asimlaze mahali watu wanaposwali.

"Wengi walikuja kuniuliza kama nimempotosha," anasema Maalim Mahat, ambaye pia alisaidia kutafsiri sehemu za mazungumzo haya. "Niliwajibu kwamba mimi sikumpa mbwa. Nilimpa hukumu. Yeye ndiye aliyebeba uzito wake."

Arbia akahama. Aliwaacha binti zake walale kwa Muslimo, naye akajenga kibanda kidogo cha fito na mikeka ubavuni mwa zizi, kiasi cha mtu kulala amejikunja. Kila jioni aliingia humo kabla ya filimbi, yeye na Agoon, na hakutoka mpaka asubuhi. Kati yake na fisi palikuwa na miiba tu.

Usiku mwingine fisi walikuja. Alikuwa akiwasikia wakihema upande wa pili. Silaha yake ilikuwa sufuria na jiwe, na alikuwa akiigonga sufuria mpaka mkono unakufa ganzi. Mara mbili ilisaidia. Mara ya tatu walimchukua mbuzi mwenye mimba wa nyumba ya Muslimo, na wifi yake hakumsemesha kwa muda mrefu baada ya hapo.

"Nilitaka kuacha," anakiri. "Nikamtazama huyu, macho yamefunguka sasa, ananitafuta kwa pua. Nikasema, nimekula matusi yote haya kwa ajili yako, sasa ukue tu."

Na akakua. Meno yalipotoka, alianza kulamba maziwa mwenyewe, kisha uji, kisha mabaki ya nyama na mifupa laini. Arbia alimwacha alale katikati ya wana-mbuzi, amejibanza kwenye matumbo yao. Hao ndio waliokuwa ndugu zake. Mpaka leo, anasema, Agoon akiogopa radi anakimbilia mbuzi.

Lakini lile alilolisema Akko Madina likatimia. Agoon alikuwa anauma. Hakuuma kwa ubaya, aliuma kwa mchezo, ila hakuwa na kipimo. Mikono ya Arbia ilijaa vidonda. Siku moja alivuta sikio la mwana-mbuzi mpaka likachanika, na mwenye mbuzi akaja na rungu.

Arbia alimsihi ampe muda, akamlipa kwa maziwa ya zamu yake. Kisha akaenda tena upande wa Waorma.

Akko Madina alimweleza kwamba watoto wa mbwa hufundishana wenyewe. Mmoja akiuma sana, mwenzake hulia na kuacha mchezo, na mama hugeuka na kwenda zake. Hivyo ndivyo mtoto anavyojua meno yake yana uzito gani. Agoon hakuwa na wa kumlilia.

"Basi lia wewe," alimwambia.

Arbia alidhani anataniwa. Lakini bibi huyo, mwenye kutembea kwa mkongojo, aliinua kichwa akatoa kilio kikali cha mbwa aliyeumizwa, kisha akageuka akampa mgongo. Akamwambia afanye hivyo kila mara, bila kupiga, bila kukemea, na watu wote wa nyumbani wafanye vivyo hivyo.

Kuanzia siku hiyo Bula Garas ilipata kichekesho. Wanawake walikuja kuegemea miiba ya zizi kumtazama mjane wa Diriye akibweka. Agoon akimuuma, Arbia analia kama mbwa, anasimama, anampa mgongo, anajifanya hamwoni. Agoon anabaki amekaa, kichwa upande, haelewi. Anarudi taratibu, analamba. Mchezo unaanza tena. Akiuma, kilio tena.

"Walicheka, nami nikaacha wacheke," anasema. "Kicheko hakipasui zizi."

Binti zake ndio waliojiunga naye kwanza. Kisha, kidogo kidogo, mbwa akajifunza. Aliweza kukishika kidole mdomoni bila kuacha alama. Wana-mbuzi wakarudi kulala juu yake.

Hapo ndipo sajini alipokuja.

Ni msimamizi wa doria za Bula Garas, mtu wa bara ambaye hakutaka jina lake litajwe hapa. Kwa miezi kadhaa hakujua kuwa mbwa yupo. Alikuja kujua kwa sababu Agoon, sauti yake ikiwa ndiyo kwanza imekomaa, aliibwekea doria usiku, mara moja, kwa nguvu. Asubuhi sajini alisimama mlangoni pa zizi na askari wawili. Kijiji kizima kilitoka kutazama.

Arbia anasema hakulia wala hakupiga magoti. Alimwambia afande aingie kwanza. Akamwonyesha mahali palipochimbwa chini ya miiba usiku uleule, na nyayo za fisi kwenye udongo mbichi. Nyayo zilifika kwenye miiba, zikageuka.

"Nikamwambia, afande, jana hakubwekea wewe peke yako. Amebwekea na huyu. Yeye bado mtoto, hajui tofauti. Wewe nipe nafasi, mimi nitamfundisha tofauti."

Sajini anakumbuka mazungumzo hayo kwa namna yake. Alikuwa na amri, na alikuwa na askari vijana ambao maisha yao yalimhusu. "Mbwa akibweka doria ikipita, mimi ndiye ninayezikwa," anasema. "Lakini nami nimekulia kwenye ng'ombe. Nyayo za fisi nazijua."

Akampa sharti moja. Mbwa huyo akiibwekea doria mara nyingine, hata mara moja, atapigwa risasi hapohapo, na kibanda cha ubavuni mwa zizi kitabomolewa.

Ndipo Arbia akasema jambo ambalo Bula Garas bado inalizungumza. Alimwambia sajini kwamba mbwa hawezi kujifunza kunyamaza kwa mtu asiyemjua. Ili amzoee, lazima amnuse. Akamwomba awaache askari wa doria wapite zizini kila jioni kabla ya filimbi, wasimame, wavue kofia, wamwache mbwa anuse viatu na mikono yao, na wamwekee maziwa kwenye bakuli lake kwa mikono yao wenyewe.

Sajini alikubali, lakini watu hawakupendezwa. Hao ndio waliopiga mbwa risasi. Hao ndio waliovunja maboma ya watu na kuwaleta hapa, na baadhi ya vijana wa kijiji hawajarudi tangu wachukuliwe. Kaka yake Muslimo aliyebaki, Bare, ni mmoja wa vijana hao.

Muslimo alimjia jioni hiyo, usiku ukiwa bado haujaingia, akasimama nje ya kibanda. Alimwuliza kama amesahau Bare yuko wapi. Kama maziwa ya mbuzi wao sasa ni ya kuwanywesha hao.

"Nilimjibu, abaayo, maziwa ni ya mbwa," anasema Arbia. "Sikumfundisha kuwapenda. Namfundisha kunyamaza. Sisi wote hapa tumejifunza hiyo, na yeye pia atajifunza."

Muslimo aliondoka, na jioni iliyofuata alikaa mbali akitazama askari wa kwanza, kijana mwembamba asiyejua ashike wapi, akichuchumaa mbele ya zizi na bakuli la maziwa mkononi. Agoon alinguruma. Arbia akasimama kati yao, mkono juu ya shingo ya mbwa, akisema naye kwa Kisomali, polepole, mpaka mngurumo ukaisha. Kijana akaweka bakuli chini, akarudi nyuma.

Ikawa hivyo jioni nyingi. Askari waliogopa mwanzoni, wengine walifanya mzaha, mmoja alitukana. Arbia aliwaonyesha tu wasimame wapi. Wengine walianza kuleta mifupa kutoka jikoni kwao. Agoon alizoea harufu ya mafuta ya bunduki na ngozi ya viatu, akazoea filimbi, akazoea mwendo wao. Hodi ya fisi hakuizoea.

Jaribio lilikuja bila taarifa. Arbia hajui ulikuwa usiku wa siku gani. Anachokumbuka ni kwamba alimsikia Agoon akisimama, na nje akasikia viatu. Akaweka mkono mgongoni mwa mbwa. Manyoya yalikuwa yamesimama wima. Viatu vikaja, vikapita kandokando ya miiba, vikaenda. Agoon akashusha pumzi, akalala.

Karibu na mapambazuko akasimama tena, na safari hii hakusubiri mkono wa mtu. Alibweka kwa sauti ambayo Arbia hakuwahi kuisikia kwake, akazunguka zizi kwa ndani akienda mahali harufu ilipo, mbuzi wakijikusanya nyuma yake. Upande wa pili wa miiba kitu kikakimbia.

Kulipokucha sajini alifika, akazunguka uzio, akatazama ardhi kwa muda. Alimwuliza tu Arbia kama mbuzi wametimia.

Walikuwa wametimia. Wametimia kila asubuhi tangu wakati huo. Mbuzi wamezaa mvua hii, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie Bula Garas zizi limeongezeka badala ya kupungua. Hakuna tena anayesema kazi ipewe mtu mwingine. Nyumba mbili ambazo mifugo yao ilikuwa ikichungwa na jamaa zao zimewaleta mbuzi wao kwa Arbia.

Muslimo bado haruhusu mbwa karibu na kibanda chake. Bado anaosha mikono kwa udongo akimgusa mbuzi aliyelambwa na Agoon. Lakini siku mwandishi wa habari hizi alipokuwa hapo, alikuja mpaka kwenye miiba, akatupa ndani mfupa wa goti la ng'ombe, akaondoka bila kuangalia nyuma. Alipoulizwa, alisema mfupa ulikuwa hauna kazi.

Bare bado hajulikani aliko. Redio imetangaza mwezi uliopita kwamba viongozi wamepatana na mapigano yatakwisha, na watu wa Bula Garas wameipokea habari hiyo kwa tahadhari ya mtu anayevuka mto asioujua. Wanasubiri waone lango. Mpaka sasa linafungwa kwa filimbi ileile.

Arbia hasubiri akiwa amekaa. Ng'ambo ya mto, kwa jamaa za Akko Madina, kuna mbwa jike mzuri wa ukoo uleule wa mama yake Agoon. Bibi huyo ameshatuma salamu, na mwenye mbwa amekubali. Sajini ameombwa kibali cha kuvuka daraja la Garissa na mbwa. Amesema atafikiria, na Arbia amemwambia atamuuliza tena kesho, na kesho kutwa pia.

Watakaozaliwa watagawanywa kati ya pande mbili, mwenye jike na Arbia. Nyumba kadhaa za Wasomali zimeshaomba, baadhi yazo ni za wanawake walewale waliokuwa wakija kucheka penye miiba. Mmoja wa walioomba amemtuma binti wa Arbia aseme kwa niaba yake, kwa kuwa hataki kusema mwenyewe. Ni Muslimo. Anataka jike.

Lakini wote wameambiwa watangoja. Arbia ameshapatana na mwenye mbwa kuwa watoto hawatavuka mto wakiwa wadogo, hata mtu akija na mbuzi mzima mkononi. Yeye atakuwa akivuka kuwaona, kuwazoesha harufu ya mbuzi, kisha kurudi mikono mitupu.

"Mimi nimekuwa mama ya mbwa, naijua hiyo kazi," anasema, akiinua fimbo kuwageuza mbuzi kuelekea majani mapya. "Hawa watakaa na mama yao mpaka yeye mwenyewe awafukuze."